Kutema Si Kunywa

Ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu, nusura aende jela kwa sababu ya mdomo wangu. Sisemi maneno ya mdomo wangu. Nasema mdomo wenyewe, huu nilio nao, na kilichotoka ndani yake. Watu wa kijijini kwetu Kanyangi wanaisimulia habari hii vibaya, kila mtu na chumvi yake, ndiyo maana nimeona niiandike mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu akabaki na chaki yake na mimi nikaenda kuchunga. Lakini nyumba yangu ni ya mawe, mbuzi wangu wanajulikana mpaka soko la Salama, na hakuna mtu aliyenisaidia kuinua hata jiwe moja. Atakayeona makosa ya kuandika ayasahihishe kimya kimya.

Biashara yangu ni mbuzi. Nanunua huku kwetu Kitui, navuka mto Athi, nauza Salama kando ya barabara kuu. Mnunuzi wangu mkubwa ni Mwislamu wa kutoka kaskazini mashariki, mtu mrefu mwenye ndevu za hina, aliye na duka na zizi lake nyuma ya soko. Mimi humwita Haji. Hajawahi kwenda Maka, na aliniambia hivyo mara nyingi, mpaka akachoka akawa anaitika tu.

Ndugu yangu nilimlea mimi, maana baba alikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alipokua nikampa kazi ya kusindikiza mbuzi. Kazi aliiweza. Kilichomshinda ni chupa. Alianza kama watu wote, arusi hapa, matanga pale, mwisho akawa anaamka nayo kama watu wengine wanavyoamka na chai. Mikono ilimtetemeka mpaka akashindwa kufunga kamba shingoni mwa mbuzi. Nilimjaribia dawa zote nilizozijua: kumtukana, kumnyima, kumwombea kanisani na kumwonyesha fimbo. Zote alizimeza akateremshia na pombe.

Basi siku moja ya soko, mchana kweupe, akaingia zizini kwa Haji, akatoa beberu mmoja, akamwongoza kwa kamba hadi baa, akamfunga kwenye mguu wa meza na kuagiza. Haji alipokuja kumtafuta mbuzi wake hakuhitaji kupeleleza. Ndugu yangu ndiye aliyemwita, tena kwa mkono. Akamwambia ana beberu safi, wa ile mbegu wanayoipenda watu wa kwao, na atamfanyia bei ya urafiki. Haji akamuuliza beberu huyo amemtoa wapi.

Ndugu yangu akamjibu, "Hiyo ni siri ya biashara."

Haji alikuwa tayari kuyamaliza hapo hapo, lakini polisi walikuwa wameshafika, na polisi akishaandika neno mifugo, kesi si yako tena. Wizi wa mifugo huku kwetu si mchezo. Watu wamefungwa miaka kwa kondoo mgonjwa.

Hakimu alikuwa mama wa miwani mwenye sauti ya chini, ile sauti inayofanya watu waache kukohoa. Ndugu yangu akakiri kosa, nami nikakaza moyo kuisikia miaka. Badala yake hakimu akasema hatahukumu mpaka apate ripoti ya ofisa wa probesheni. Mimi nilisikia pombesheni. Nilifurahi, sitaficha. Nikamnong'oneza mjomba wetu aliyekaa kando yangu kwamba hatimaye serikali imefungua ofisi ya pombe. Mjomba akauliza iko mlango upi na inafunguliwa saa ngapi.

Ofisa mwenyewe alikuwa binti mwembamba wa viatu vya raba, faili kifuani kama ngao. Alikuja mpaka nyumbani, akawauliza majirani habari za ndugu yangu, akamuuliza mke wake, akaniuliza na mimi. Nilimwita Madam wa Pombesheni, naye kwa adabu akanieleza kuwa probesheni ni mtu kutumikia adhabu yake nje, akiwa anachungwa. Nikamwambia kuchunga ni kazi yangu tangu utoto, angeniuliza mapema.

Kusema kweli yule binti alitusaidia. Aliandika kwamba huyu mtu si mwizi, ni mgonjwa wa pombe aliyeiba akiwa ndani ya ugonjwa wake. Tuliporudi kortini hakimu alisoma, akavua miwani, akamwambia ndugu yangu maneno ambayo mimi nayakumbuka kuliko mistari ya Biblia:

"Hukumu yako naiweka kando kwanza. Nenda ukatibiwe. Ukimaliza matibabu na kuiacha pombe, nitalihesabu hilo nitakapokuhukumu. Ukiionja, mlango wa jela uko wazi. Na usije kuniambia ulionja kidogo."

Mimi niliona mambo yamepinduliwa. Nilisema wazi hapo nje ya korti, mtu akiiba mbuzi anapelekwa kupumzika? Basi na mimi niibe ng'ombe wanipeleke Mombasa. Mke wa ndugu yangu, ambaye si msemaji, akaniambia, "Mzee, wewe ulimtibu miaka yote hiyo kwa fimbo. Waache na wengine wajaribu." Nikanyamaza, lakini kwa heshima ya mahali tu.

Nyumba ya matibabu iko kilimani ng'ambo ya Matiliku, mahali penye baridi na ukimya, watu wanalima sukuma wiki na kunywa uji kwa saa. Baada ya muda tukaitwa jamaa wa wagonjwa. Nilifikiri ni kuonyeshwa mgonjwa na kurudi. Kumbe tunakalishwa kwenye viti vya plastiki, duara, na mshauri, kijana mwenye sauti ya kubembeleza, anaanza kumuuliza kila mtu anajisikiaje. Akafika kwangu. Nikamjibu najisikia njaa. Akasema hapana mzee, ndani, moyoni. Nikamwambia huko moyoni hakuna mtu aliyewahi kuingia kuuliza, na si yeye atakayeanza.

Kisha ndugu yangu akasimama na kusema mbele ya wote, "Mimi ni mlevi." Mimi nikaitikia kwamba hiyo hata Salama nzima inajua. Mshauri akaniomba ninyamaze. Mimi mwenye nyumba ya mawe, kunyamazishwa na kijana ambaye hajaota ndevu.

Lakini wakati wa chai nilimwona ndugu yangu akibeba kikombe kilichojaa, kutoka dirisha la jikoni mpaka nilipokaa, na hata tone halikumwagika. Nilikitazama kikombe kile sana. Akanieleza kwamba mwanzoni walimpa vidonge vya kutuliza mwili, maana mwili ulikuwa ukililia pombe kama mtoto aliyeachishwa ziwa, halafu wakamfundisha namna ya kuukimbia mdomo wa chupa kabla haujamwita. Nikamuuliza kama hapo pia wanatumia fimbo. Akacheka. Nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

Alipomaliza matibabu akarudi nyumbani kusubiri siku ya hukumu, na hapo ndipo nilipoona ni zamu yangu. Serikali imefanya yake, sasa ukoo ufanye yake. Hakimu mwenyewe alikuwa amesema kupatana na mlalamishi kunasaidia. Kwetu Wakamba mtu akimkosea mwenzake kwa mifugo, hamalizi kwa kushikana mikono. Mbuzi anachinjwa, wazee wanakaa, na aliyekosa anabarikiwa kwa kaluvu. Kaluvu ni pombe ya asali. Mzee anapiga funda, anaishika mdomoni, anaitema kwa marasharasha kifuani mwa mtu huku akimwombea. Ndivyo alivyofanya baba, na baba yake.

Mtu atauliza, si wewe ni mzee wa kanisa? Ndiyo, tena mwenyekiti wa kamati ya chifu ya kupiga vita pombe haramu. Tangu niokoke sijameza pombe. Lakini mimi nilishalifikiria jambo hili kwa kina, nikafikia mwisho wake: kutema si kunywa. Pombe ikiingia tumboni ni dhambi, ikiishia kwenye meno ni mila. Hakuna mahali Biblia inapokataza meno. Fundisho hili sikuwahi kumweleza pasta, kwa sababu hakuwahi kuniuliza.

Mke wa ndugu yangu akaja kunisihi. Akauliza kama maziwa hayawezi kutosha. Nikamjibu maziwa ni ya maharusi. Akasema, basi hata maji, Mzee, kwa hali ya huyu. Nikamwambia hatanyweshwa hata tone, atatemewa tu, na aache kuniingilia mambo ya wazee.

Haji akaja kutoka Salama, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, maana tulimwambia kuna baraka, naye akadhani ni dua. Mbuzi alimchinja mwenyewe, akielekea kwao Maka, ili aweze kula, na hapo hatukuwa na neno. Tukala tukashiba. Kisha tukawasimamisha wawili, bega kwa bega, mkosaji na mkosewa, mjomba akaleta kibuyu.

Mjomba alianza. Lakini mjomba kila akipiga funda koo lilikuwa linapanda na kushuka, na alipofika wakati wa kutema alitema hewa na maneno mazuri. Akarudia, hewa tena. Nikamnyang'anya kibuyu, maana baraka ya namna hiyo haiwezi kumlinda hata kuku. Nikajaza mdomo mpaka mashavu yakavimba. Mimi nina kifua, watu wanajua. Nilipoachilia, ndugu yangu alilowa kutoka shingoni hadi kwenye mshipi, na upepo ukageuka kidogo, nusu ya baraka ikamwendea Haji ndevuni na kwenye kanzu.

Haji alifumba macho. Alipoyafumbua alisema tu, "Mzee, hii ni nini?"

Nikamwambia ni asali. Sikudanganya. Nilieleza nusu.

Mila inasema aliyebarikiwa asioge wala asibadili shati mpaka jua la pili lichomoze juu yake. Ndugu yangu akatii. Na asubuhi iliyofuata, kabla hata ng'ombe hawajakamuliwa, nani anaingia uani na raba zake? Madam wa probesheni, amekuja kumalizia ripoti yake ya mwisho bila kutuarifu, kwa sababu ndiyo kazi yao, kufika wakati hujajipanga.

Alinyoosha mkono kumsalimu ndugu yangu. Ukaishia katikati. Pua yake niliiona ikifanya kazi.

Ndugu yangu akasema hajanywa. Yule binti akauliza basi hiyo harufu ni ya nini. Ndugu yangu akajibu ni baraka. Lo, nilisikia namna neno lilivyotoka, na hata mimi nisingemwamini. Akaomba apimwe. Madam akasema zahanati ya hapa ina vipimo vya malaria tu, na gari la kumpeleka mbali hana. Mimi nikaanza kumweleza habari ya kutema na kunywa, naye akaniangalia kwa huruma, vile watu wanavyomwangalia mzee anayemtetea wa kwao. Akasema ataandika alichonusa, kwa kuwa hawezi kuandika asichokiona. Akaenda zake.

Nilitegemea ndugu yangu atanitukana. Ningependa anitukane, ningejua pa kushika. Alikaa chini pale pale alipokuwa, akavua shati pole pole, akalikunja.

"Mwana wa mama," akaniambia, "nimeshindana na mdomo wangu mpaka nikaushinda. Sasa nitafungwa kwa mdomo wako."

Mpaka siku ya korti chakula hakikuwa na ladha kwangu. Njia ya kumwokoa ilikuwa moja, nayo niliiona vizuri: nisimame niseme mimi ndiye niliyekuwa na pombe mdomoni. Tatizo ni kwamba pasta angekuwepo kumsemea ndugu yangu neno jema, na naibu wa chifu angekuwepo kwa ajili ya ripoti. Kanisa na kamati, wote benchi moja, masikio wazi. Mtu hujenga jina lake miaka kama anavyojenga nyumba ya mawe, halafu unaambiwa ulivunje mwenyewe, tena mbele ya pasta.

Hakimu alisoma ripoti. Matibabu, amemaliza vizuri. Mshauri, anamsifu. Majirani, wanamkubali. Mlalamishi, wamepatana. Kisha akafika mahali akasimama, akasoma tena kwa ndani, akavua miwani. Akamuuliza ndugu yangu kama anakumbuka aliambiwa nini juu ya kuonja. Ndugu yangu akasema anakumbuka, na hakuonja. Hakimu akauliza harufu hiyo ilitoka wapi basi. Ndugu yangu hakunitaja. Alisimama pale kizimbani ameinamisha kichwa, mikono imetulia kabisa, akawa tayari kwenda jela kuliko kuniaibisha mbele ya watu wangu.

Nikasimama. Askari akaniambia keti mzee. Nikamwambia keti wewe.

"Mheshimiwa," nikasema, "pombe ilikuwa mdomoni mwangu. Nilimtemea mimi."

Karani akaacha kuandika. Hakimu akauliza kama nasema nilimtemea mshtakiwa mate. Nikasema si mate, ni kaluvu, ingawa mate kidogo hayakosi. Akaniuliza kama najua kumtemea mtu ni kumshambulia, na kwa nini nisifunguliwe mashtaka yangu mwenyewe. Nikamwambia kama baraka ni shambulio, basi ukoo wetu wote uletewe pingu. Nikaeleza mila yote, funda, mashavu, shati la kutobadilishwa, na nikalitaja hata fundisho langu la kutema si kunywa. Niliona shingo ya pasta ikipinda kunielekea kama ya bundi.

Hakimu akasema ni maelezo mazuri, lakini ni ya kaka wa mshtakiwa. Nani mwingine aliona? Nikamtafuta mjomba. Hakimu alikuwa ameuliza pia pombe ilitengenezwa na nani na kwa leseni gani, na mjomba alikuwa ametoka kwenda kujisaidia. Mpaka wiki inaisha alikuwa hajarudi kutoka kujisaidia.

Ndipo Haji akainuka nyuma kabisa, mrefu, akainamisha kichwa kidogo.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyeibiwa, na dini yangu hainiruhusu pombe. Nilisimama bega kwa bega na huyu. Mdomo wake ulifungwa kama mlango wa duka siku ya Ijumaa. Najua, kwa sababu na mimi nilitemewa."

Hakimu akamuuliza ana uthibitisho gani kwamba alitemewa.

"Mke wangu," Haji akasema. "Nilifika nyumbani, akaninusa ndevu. Nikamwambia ni baraka ya Wakamba. Hajaniamini mpaka leo. Nalala dukani."

Korti ilicheka mpaka askari akageukia ukuta. Hakimu alijificha nyuma ya faili kwa muda, mabega yakitikisika, na alipotokea alikuwa amevaa miwani na uso wake wa kazi. Akamwita madam wa probesheni, akamuuliza kama siku ile alimwona ndugu yangu akiyumba, au akiongea kilevi, au macho mekundu. Binti akafikiria, akasema hapana, na kwamba akikumbuka vizuri harufu ilikuwa kwenye shati kuliko kwenye pumzi. Alisema kweli yake ingawa ilipindua ripoti yake, na kwa hilo namheshimu.

Basi hakimu akahukumu. Alisema amemwona mtu mwenye kosa kubwa ambaye alipewa nafasi ya kutibiwa na akaitumia, na kumfunga sasa ni kumrudisha kisimani alikotolewa. Akampa probesheni, kazi ya kufagia soko la Salama, na kurudi kilimani kwa mshauri kila mwezi. Kisha akaandika masharti, akayasoma kwa sauti, akinitazama mimi wala si mshtakiwa: asinywe pombe, asiuze, asitengeneze, asikae inaponywewa, wala asitemewe.

Nje ya korti ndugu yangu alinishika mkono, akaukaza. Haji akaniomba nimfuate hadi nyumbani kwake nikamweleze mke wake habari nzima, nami nikaenda, nikasimama mlangoni na kofia mkononi, nikaeleza. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amenielewa, na kwamba kanzu nitaifua mimi. Nikaifua.

Kanisa limeniweka benchi la nyuma mpaka nitakapojirekebisha, na kamati ya chifu imepata mwenyekiti mwingine, mtu ambaye hata kutema hajui. Sawa. Ndugu yangu anafagia soko, na jioni anafunga mbuzi wangu kamba, fundo moja, halilegei. Na mimi, wa darasa la tatu, ninalo neno langu, asitemewe, katika amri ya korti, limepigwa muhuri. Waliosoma mpaka chuo kikuu wangapi wanaweza kusema hivyo? Nilimwambia ndugu yangu jambo hili tukiwa zizini. Akasema ni kweli, ni heshima kubwa, na akaniomba nikizungumza naye nigeuzie uso upande ule.